Mrabaha wa Kolwezi na Unga wa Zambia

Msomaji wangu, leo tutafuata safari ya tarakimu moja: kumi na tano. Tarakimu hii iliandikwa katika Sheria ya Madini ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2002, ikaandikwa tena sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018. Mara zote mbili ilisema jambo lilelile: katika mrabaha unaolipwa kwa ajili ya shaba, kobalti au dhahabu, asilimia 15 ni haki ya mahali yanapochimbwa madini hayo. Katika miaka ya sheria ya kwanza, sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwafikia wenyewe. Baada ya marekebisho, zikaanza kufika. Asilimia ilibaki ileile. Ni nini basi kilichobadilika? Ukiweza kulijibu swali hili, utakuwa umeelewa jambo moja kuhusu bajeti za nchi zetu ambalo hotuba ndefu za mwezi Juni hazilisemi.

Kwanza tuyaweke maneno sawa. Mrabaha ni malipo ambayo mchimbaji humpa mwenye mali, na katika sheria za nchi zetu mwenye madini yaliyo chini ya ardhi ni dola. Neno lina asili ya Kiarabu, kutoka mzizi unaozaa neno la faida katika lugha hiyo, lakini asili hiyo isikupoteze. Kodi ya mapato hungoja faida, mrabaha haungoji. Hulipwa kwa thamani ya madini yaliyouzwa, hata kama kampuni inasema mwaka huu imepata hasara. Ndiyo maana watu wanaoishi karibu na machimbo huuamini mrabaha kuliko ahadi ya faida: malori wanayaona yakipita.

Neno la pili ni fungu. Sokoni, fungu ni lile rundo dogo la nyanya lililopangwa mezani. Katika vitabu vya bajeti vya Tanzania, fungu ni sehemu ya fedha za umma iliyopewa namba yake na kukabidhiwa wizara au idara. Wizara ya Kilimo, kwa mfano, ni Fungu 43. Neno bajeti lenyewe tumelichukua kwa Waingereza, nalo lina mwenzake wa kale na mrefu zaidi, makadirio ya mapato na matumizi. Mimi hulipenda zaidi hilo refu, kwa sababu linakukumbusha kwamba kitabu kile ni cha makadirio tu: fedha zilizoandikwa humo bado hazijapatikana, na zikipatikana bado hazijafika.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1908 Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II, ilitunga sheria iliyojulikana kama Hati ya Koloni. Sheria hiyo iliagiza kwamba bajeti ya Kongo iwe inapitishwa kila mwaka na Bunge la Ubelgiji. Tafakari maana yake. Mkulima wa Katanga aliyelipa kodi ya kichwa alikuwa akichangia daftari lililofunguliwa na kufungwa Brussels, kwa lugha asiyoijua, mbele ya wabunge asioweza kuwachagua wala kuwaondoa. Hapakuwa na hata mlango wa kubisha.

Wakati huo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imekwisha kuanzishwa, mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ikafika Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Treni zilitoka na shaba. Zikirudi, zilileta unga wa mahindi wa Rhodesia kwa ajili ya kuwalisha wafanyakazi. Ukumbuke unga huo, tutauhitaji mbele.

Mkulima mwenyewe hakusahauliwa na serikali ya kikoloni, na huenda angepata nafuu kama angesahauliwa. Kuanzia mwaka 1917 kilimo cha pamba kililazimishwa katika sehemu mbalimbali za Kongo: kaya ilipangiwa kiasi cha kulima, ikapangiwa kampuni ya kuiuzia, ikapangiwa na bei. Serikali iliyokuwa na uwezo wa kumfikia mkulima shambani kwake ili imkague pamba, haikuwa na njia yoyote ya mkulima kuifikia serikali ili aulize barabara.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Vitabu vitakueleza habari za siasa za vyama, za makabila, za Wabelgiji na za Vita Baridi, na yote hayo yamo. Lakini ndani ya yote kulikuwa na swali ambalo hata karani wa mahesabu angeliuliza: Union Minière ilipe wapi? Kampuni ikalipa Élisabethville. Serikali ya Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, ikanyimwa mapato makubwa kuliko yote iliyokuwa ikiyategemea, na Tshombe akapata fedha za kuwalipa askari wa kukodiwa. Majeshi ya Umoja wa Mataifa ndiyo yaliyoumaliza utengano huo, Januari 1963. Kwa hiyo unapomwona ofisa wa Kinshasa akiingiwa na wasiwasi anaposikia kwamba fedha za madini zibaki kule zilikochimbwa, usimcheke. Hofu yake ina historia, na historia hiyo iligharimu maisha ya watu wengi.

Mwaka 1967 Rais Mobutu aliifanya Union Minière kuwa mali ya taifa, nayo hatimaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Kwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ilikuwa serikali: ilimpa nyumba, shule ya watoto, hospitali, hata unga wa kila mwezi. Kwa mwanakijiji aliyelima ng'ambo ya uzio, kampuni ilikuwa moshi tu angani. Kisha nguzo ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye ilitoa chini ya tani 50,000. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Shule na hospitali zilizosimama juu ya mabega ya kampuni zikabaki bila mwenyewe, kwa sababu hazikuwahi kuwa katika bajeti ya umma ya mahali popote. Watu wa Kolwezi na Likasi walijifunza kwa uchungu tofauti kati ya hisani ya kampuni na haki iliyoandikwa katika makadirio.

Hapo ndipo inapoingia sheria ya Julai 2002. Nchi ilikuwa bado vitani, hazina ilikuwa tupu, na lengo la kwanza la sheria lilikuwa kuwavuta wawekezaji. Hata hivyo iliweka mgawanyo wa mrabaha: asilimia 60 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au wilaya yanakochimbwa madini. Ukiisoma karatasi, utaona haki imetendeka. Soma sasa njia. Kampuni ililipa kiasi chote kwa Hazina, na Hazina ndiyo iliyotakiwa kuwarudishia wengine mafungu yao. Neno hilo, kuwarudishia, ndilo lililobeba ugonjwa wote. Mtu anayengoja kurudishiwa hana nguvu juu ya anayerudisha. Hajui kilichoingia, hajui ni lini, na akiuliza huambiwa angoje. Majimbo yalipata sehemu tu ya haki yao, tena kwa kuchelewa. Miji na wilaya zikapata mabaki ya mabaki.

Walioandika Katiba ya mwaka 2006 waliliona tatizo hilo. Waliandika kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na wakaongeza kwamba fungu hilo likatwe palepale chanzoni, kabla halijasafiri kwenda Kinshasa. Ni maneno machache yenye hekima kubwa. Lakini Kinshasa iliendelea kupokea kwanza na kugawa baadaye, na asilimia 40 haikutekelezwa kama ilivyoandikwa. Utaona kwamba hata katiba, ambayo ni mama wa sheria, inaweza kusubirishwa mlangoni na mtunza hazina.

Marekebisho ya Machi 2018 ndiyo yaliyobadili njia. Tarehe 7 mwezi huo, wakuu wa makampuni makubwa ya madini duniani walikwenda Kinshasa na kukaa kwa saa nyingi na Rais Joseph Kabila, wakijaribu kumzuia asitie saini. Siku mbili baadaye akatia. Mrabaha wa shaba ukapanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5. Mwezi Novemba mwaka huohuo, amri ya serikali ikaiweka kobalti katika kundi la madini ya kimkakati, ambayo mrabaha wake ni asilimia 10. Nayo Kongo, kumbuka, ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Mgawanyo ukawa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mamlaka ya mahali, katika lugha ya sheria za Kongo, ni mji, manispaa, sekta au himaya ya chifu wa kijadi.

Lakini badiliko ninalotaka ulione ni dogo kuliko asilimia hizo zote, na magazeti ya ng'ambo yaliyoandika kurasa nyingi kuhusu kobalti yalilitaja kwa nadra. Kampuni sasa inatakiwa kuigawa hundi yake yenyewe. Fungu la jimbo hulipwa moja kwa moja kwa jimbo, na zile asilimia 15 hulipwa moja kwa moja katika akaunti ya mamlaka ya mahali. Hakuna tena kurudishiwa. Kwa manispaa na sekta ambazo bajeti yake ya zamani ilitegemea ushuru wa soko na faini ndogondogo, ilikuwa kama mto kuingia katika mfereji wa bustani.

Tutarudi Kolwezi kuona maji hayo yalikwenda wapi. Kwanza nikupeleke kwa majirani, maana Kongo si nchi pekee iliyoandika asilimia, na kila jirani alikwama mahali pake.

Nchini Tanzania, sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo ghafi. Lakini migodi mikubwa ya dhahabu ilipofunguliwa kuzunguka Ziwa Viktoria, mikataba yake na serikali iliweka kiwango kingine: dola 200,000 kwa mwaka, basi. Chukua kalamu ufanye hesabu pamoja nami. Tuseme mgodi umeuza dhahabu ya dola milioni 500 kwa mwaka. Asilimia 0.3 ya hizo ni dola milioni 1.5. Halmashauri iliyopokea 200,000 ilikuwa ikipoteza milioni 1.3 kila mwaka bila mtu kuvunja sheria yoyote, kwa sababu mkataba ulikuwa umekwisha kusainiwa Dar es Salaam. Miaka mingi ilipita kabla migodi hiyo haijaanza kulipa kwa asilimia, kuanzia mwaka 2014 hivi. Diwani asiyejua sheria ya 1982 inasema nini hangeweza hata kulalamika. Angeshukuru kwa hundi na kupiga picha nayo.

Kenya nayo ilitunga Sheria ya Madini mwaka 2016: asilimia 70 ya mrabaha kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii inayoishi palipo na mgodi. Kwa jinsi ilivyoandikwa, hii ni sheria yenye moyo mzuri kuliko ya Kongo, maana inaitaja jamii yenyewe badala ya kuishia kwenye ofisi. Ugumu ulijificha humohumo. Jamii haina akaunti ya benki. Jamii ni nani: waliohamishwa mgodi ulipojengwa, waliobaki, au waliohamia baadaye kutafuta kazi? Kwa kukosa kanuni za kujibu maswali hayo, fungu la jamii lilibaki Nairobi miaka baada ya miaka. Huko Kwale, pwani ya kusini, mchanga wa titani ulichimbwa, ukapakiwa melini, na machimbo yakafungwa mwishoni mwa mwaka 2024, huku wanakijiji wakiwa wametumia sehemu kubwa ya uhai wa mgodi wakiuliza habari za asilimia 10 zao. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2003, ilitenga asilimia 17 kwa serikali za mitaa na 3 kwa mwenye ardhi. Jaribu kupata hizo 3 pale Karamoja, ambako ardhi kubwa ni ya malisho ya pamoja na hati za kumiliki ni chache.

Hata hivyo Uganda ndiyo iliyotufundisha somo kubwa kuliko wote, na halikuhusu madini. Serikali ilikuwa ikipeleka ruzuku kwa shule za msingi, kiasi fulani kwa kila mwanafunzi. Watafiti walipofuatilia fedha hizo katika shule 250 kwa miaka ya 1991 hadi 1995, waligundua kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyozifikia shule. Zilizosalia zilipotelea njiani, nyingi katika ofisi za wilaya. Shule nyingi hazikupata chochote, na walimu wakuu wengi hawakujua hata kama kuna fedha wanazostahili kupata. Matokeo yalipojulikana, serikali ilianza kutangaza katika magazeti kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na kuzitaka shule zibandike ubaoni kiasi zilichopokea. Hadi mwaka 2001 kilichofika kilikuwa kimepanda na kukaribia asilimia 80. Wapo wataalamu waliosema baadaye kwamba magazeti peke yake hayatoshi kueleza badiliko hilo, kwani Wizara ya Fedha ilirekebisha mambo mengine mengi wakati huohuo, na nadhani wana haki kusema hivyo. Lakini lile la mwalimu mkuu asiyejua haki yake haliwezi kupingwa. Huwezi kudai deni ambalo hujui kiasi chake.

Sasa turudi Kolwezi. Fedha zimeanza kuingia moja kwa moja, nani anazipanga? Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mamlaka za mahali ilisema kila manispaa, sekta na himaya iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi, baraza ndilo lipitishe bajeti. Sheria ipo, mabaraza hayakuwapo. Uchaguzi wa mahali uliahirishwa mara baada ya mara. Wakuu wa manispaa waliteuliwa kutoka juu, machifu walirithi. Kwa hiyo mto wa fedha uliingia katika ofisi ya mtu mmoja na wasaidizi wake, bila baraza la kumuuliza. Penye migodi iliyokaa juu ya mpaka wa maeneo mawili, ofisi zilianza kugombania mipaka ambayo zamani hakuna aliyejali ilipopita. Zahanati zilijengwa, ni kweli, na madarasa pia. Magari yalinunuliwa pia. Wananchi wengi waliviona vitu hivyo bila kuona karatasi, na pasipo karatasi hujui kama zahanati iliyojengwa imekula fungu zima au robo yake.

Ndipo ninapouleta ule unga niliokuomba uukumbuke. Nenda Kasumbalesa leo, mpakani mwa Kongo na Zambia. Malori yanatoka yakiwa na shaba. Mengine yanaingia yakiwa na mahindi na unga, kwa sababu bukari ya Lubumbashi na Kolwezi, ndivyo wanavyoiita ugali kule, hutegemea sana mashamba ya Zambia. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia, Rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa. Mavuno yakishindwa Zambia, mama wa Kolwezi hulipia. Miaka zaidi ya 110 imepita tangu reli ya kwanza kuleta unga wa kusini, katika nchi yenye mvua na ardhi ambayo majirani wangeitamani.

Kwa nini? Sababu ni nyingi, na moja wapo ni barabara. Mkulima mwenye magunia 20 ya mahindi kilomita 60 kutoka mjini hawezi kushindana na lori linalopita lami kutoka Zambia. Barabara ya kijiji ni jambo la bajeti, tena bajeti ya mahali. Lakini mkulima ana udhaifu ambao kampuni haina. Wakuu wa makampuni walipochukizwa na sheria, walipanda ndege na kuketi na Rais. Wakulima ni mamilioni, wametawanyika, na hakuna anayejua namba ya simu ya wote. Mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Maputo kwamba watatenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Wakairudia ahadi hiyo Malabo mwaka 2014. Nchi nyingi hazikuifikia, na hakuna waziri aliyepoteza kazi kwa sababu hiyo. Ahadi ya Maputo ilitolewa kwa wakulima bila ya wakulima kuwa na pa kuidai. Kwa upande huo ni ndugu wa asilimia 40 za Katiba ya Kongo.

Mahali ambapo mkulima anaweza kudai ni pale fedha ziko karibu naye, na wakati ambapo kalamu bado haijakauka. Kuhusu wakati, hili ulijue vizuri. Wengi wetu husikiliza hotuba ya bajeti mwezi Juni na kudhani kwamba mambo yanaamuliwa siku hiyo. Yamekwisha. Nchini Uganda, mfumo wa bajeti hupelekwa Bungeni kabla ya tarehe 31 Desemba, na bajeti hupitishwa kabla ya tarehe 31 Mei. Nchini Kenya, taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari, na makadirio kabla ya tarehe 30 Aprili. Kongo hufuata mwaka wa kalenda: muswada wa fedha hutakiwa kufika Bungeni kabla ya tarehe 15 Septemba. Mkulima wa Uganda anayekwenda kwa mbunge wake mwezi Juni kuomba daraja, amekwenda kununua samaki baada ya mashua kuondoka. Angepaswa kwenda mwezi Oktoba, wakati kamati zikiwa bado zinaandika, hata kama mwezi huo yuko shambani.

Wapo waliolielewa hili. Shirika la wanawake la Uganda liitwalo FOWODE, lililoanzishwa mwaka 1995, limelea vikundi vya bajeti vya vijijini. Wanawake na wanaume wa kijiji, wengi wao wakulima, hujifunza kusoma karatasi ya bajeti ya wilaya, kisha huenda kwenye zahanati au kwa ofisa ugani kuangalia kama kilichoandikwa kipo. Hakuna maandamano wala kelele. Mtu anafika na karatasi, anauliza mbegu zilizoandikwa hapa zimekwenda wapi. Ofisa aliyezoea kuombwa hushtuka sana anapohojiwa kwa namba.

Na Kongo yenyewe imewahi kujaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika jimbo la Kivu Kusini, manispaa za mji wa Bukavu na baadhi ya himaya za machifu ziliwaita wakazi waamue sehemu ya bajeti ya maendeleo, kwa utaratibu uliozaliwa Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989. Ujumbe wa simu ulitumika kuwaita watu mikutanoni na kuwatangazia yaliyoamuliwa. Fedha zilikuwa chache mno, ndiyo. Mfereji tu, hakuna mto. Bukavu walikuwa na mkutano bila mrabaha. Miaka michache baadaye, Kolwezi wakapata mrabaha bila mkutano.

Huenda sasa unaweza kulijibu swali la mwanzo kwa maneno yako mwenyewe. Nitafurahi kulisoma jibu lako, na ujaribu kutumia mrabaha, fungu na makadirio kila moja mahali pake. Mimi nitaongeza tarehe moja tu katika daftari lako. Tarehe 20 Desemba 2023, pamoja na uchaguzi wa Rais na wabunge, Wakongo walipiga kura kuchagua madiwani wa manispaa katika miji mikuu ya majimbo, kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006. Kolwezi ina manispaa mbili, Dilala na Manika. Lakini kura hiyo haikufika katika sekta na himaya za machifu, ambako ndiko yaliko mashamba ya mahindi.